Punguzo la bei la leza ya macho: Mzazi apige hesabu gani kabla ya kulipa?

Kijana aliyevaa miwani tangu shule ya msingi akifika chuo, ombi moja hurudi nyumbani kila mara: anataka kufanyiwa leza aachane na miwani. Mara nyingi ombi hilo huja na tangazo kwenye simu, nusu bei, mwisho wa ofa ni Ijumaa. Mzigo humwangukia mzazi, kwa kuwa bima nyingi huuhesabu upasuaji huu kuwa wa hiari.

Bei ndogo haina maana kwamba daktari ni mbaya. Mashine ya leza ni ghali kuinunua na kuitunza, na gharama hiyo haipungui hata kama siku hiyo amehudumiwa mtu mmoja tu. Kituo chenye wateja wengi kinaweza kushusha bei bila kugusa ubora. Tatizo ni pale bei ya kwenye tangazo inapokuwa chambo.

Neno 'kuanzia'

Mfano wa wazi uko Marekani. Januari 2023, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya nchi hiyo, FTC, ilichukua hatua dhidi ya LCA-Vision, kampuni yenye vituo vya LasikPlus. Matangazo yalitaja bei isiyofika dola 300 kwa jicho. Kwa mujibu wa tume, ni asilimia 6.5 tu ya waliokwenda kupimwa ndio waliostahili bei hiyo kwa macho yote mawili, yaani watu ambao macho yao yalikuwa karibu mazima. Wengi walitajiwa kati ya dola 1,800 na 2,295 kwa jicho, tena baada ya kutumia muda mrefu kwenye vipimo. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 1.25.

Somo lake linafika hata hapa. Mzazi anapoona 'kuanzia' au 'kwa jicho moja', achukue kalamu. Chukua mfano wa tangazo la Sh900,000 kwa jicho. Macho mawili ni Sh1,800,000. Vipimo vya awali Sh150,000. Nyongeza ya astigmatizimu Sh200,000 kwa kila jicho, yaani Sh400,000. Dawa za matone na kurudi kwa daktari Sh250,000. Jumla ni Sh2,600,000. Kituo cha jirani kinachotaja Sh2,400,000 kwa kila kitu, ambacho kilionekana ghali, ndicho cha bei nafuu.

Kisichonunuliwa kwa punguzo

Leza hufanya kazi kwa kuondoa sehemu ndogo ya konea, kile kioo angavu cha mbele ya jicho, ambacho unene wake ni kama nusu milimita tu. Kilichoondolewa hakirudi. Ndiyo maana kazi kubwa ya daktari mzuri ni kumkatalia asiyefaa.

Asiyefaa ni nani? Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, haijaidhinisha leza ya LASIK kwa walio chini ya miaka 18. Hata aliyevuka umri huo anatakiwa asubiri kama namba ya miwani yake bado inabadilika. Wengine ni wajawazito na wanaonyonyesha, wenye macho makavu sana, wenye konea nyembamba, na wenye keratokonasi, ugonjwa unaofanya konea ichongoke kama koni.

Hapo mzazi ana taarifa ambayo mashine haina. Mtoto aliyekua akisugua macho kwa sababu ya mzio, au aliyebadilishiwa miwani kila baada ya miezi michache, daktari aambiwe. Kusugua macho kunahusishwa na keratokonasi, na mwenye ugonjwa huo akifanyiwa LASIK anaweza kuharibikiwa zaidi.

Mzazi anayetaka kujifanyia mwenyewe akumbuke pia kwamba kuanzia miaka ya 40 karibu kila mtu huhitaji miwani ya kusomea, na leza ya kuona mbali haiondoi hitaji hilo.

Maswali ya kuuliza

Kabla ya kulipa hata kianzio, majibu haya yapatikane kwa maandishi:

1. Bei ya mwisho kwa macho yote mawili ni ngapi, kwa namba ya miwani ya mtu huyu?

2. Vipimo, dawa na mahudhurio ya baadaye vimo ndani?

3. Ikibidi kurudia kusahihisha, nani atalipa, na kwa muda gani?

4. Daktari gani atafanya upasuaji, na je, yeye mwenyewe ataonana na kijana kabla ya siku hiyo?

5. Vipimo vikionyesha hafai, fedha zinarudi?

6. Ni mara ngapi wamewahi kuwakatalia watu, na kwa sababu zipi?

Kituo kinachojibu bila kukwepa kinastahili kufikiriwa, hata kama bei yake ni ndogo. Kinachomsukuma mzazi asaini siku hiyo hiyo kwa sababu ofa inaisha, aondoke. Miwani imemfikisha kijana chuoni. Itamvusha miezi mingine michache wakati mzazi anatafuta maoni ya daktari wa pili.