SAUTI VYUMBA VYOTE: TUSIUZIWE KUFULI

Ndugu wazazi na vijana, siku hizi tunaambiwa kwamba familia ikitaka kusikia mawaidha au taarifa ya habari sebuleni, jikoni na vyumbani kwa wakati mmoja, ni lazima inunue spika za bei kubwa za kampuni moja. Sisi tunapinga.

Hebu tutazame yaliyotokea. Mwaka 2006 Logitech iliinunua Slim Devices, watengenezaji wa Squeezebox. Mwaka 2012 ikaachana na jina hilo, na mwaka 2024 ikaifunga huduma yake ya mtandaoni. Je, vyombo vilitupwa? La! Programu yake ya seva ilikuwa huria, na watu wanaiendeleza mpaka leo, bure, kwa jina la Lyrion. Sasa tujiulize: kampuni iliyoficha programu yake ikifunga duka, tutabaki na nini?

Basi tutumie tulivyonavyo. Kompyuta kuukuu iwekewe Linux na Snapcast, programu ya bure inayofanya sauti isipishane chumba na chumba. Zile simu za Android zilizolala kabatini, kila moja ichomekwe spika ya waya. Vyote viunganishwe na ruta moja. Kwa rekodi zilizomo kwenye kompyuta, bando halihitajiki. Akiba haiozi.

Atakayesema ni kazi, tunakubali: itawachukua mzazi na kijana wake jioni kadhaa. Lakini pesa itabaki kwa ajili ya ada, na kijana atajua chombo kinavyofanya kazi. Kununua kufuli ambalo ufunguo wake anao mwingine si maendeleo.