Jina na Sauti ni Mali za Watu



Ramadhani ikishapita na Mfunguo Mosi ukaingia, harusi hufuatana katika miji yetu ya pwani. Na miaka hii ya karibuni mabinti zetu wameishika vyema kazi ya kupiga picha na kutengeneza filamu za harusi katika majlisi za wanawake, mahali ambapo mpiga picha mwanamume hana nafasi. Ni kazi ya heshima: inamsitiri bibi harusi, na inampatia binti riziki akiwa miongoni mwa wenzake. Mama mmoja katika wasomaji wetu ana binti anayetaka kuianza kazi hii, naye ameuliza mambo mawili: biashara iitwe jina gani, na je, yafaa kutia kaswida na nyimbo katika filamu hizo?

Maswali haya mawili yana asili moja. Jina la biashara na sauti iliyorekodiwa ni vitu visivyoshikika kwa mkono, na kwa ajili hiyo wengi huvidhania kuwa havina mwenyewe. Wanavyuoni wamelitazama jambo hili. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 5 kilichofanyika Kuwait mwezi wa Disemba 1988, lilipitisha kwamba jina la biashara, alama ya biashara, utunzi na uvumbuzi ni haki za wenyewe, zina thamani ya mali, na haijuzu kuzivamia. Ikiwa ni mali, basi inaingia chini ya aya ya 29 ya Suratun-Nisaa, inayokataza kula mali za watu kwa batili na kuruhusu biashara ya kuridhiana. Neno la kushikwa hapo ni ridhaa.

Tuanze na jina. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alijali maana ya majina hata akambadilishia mwanamke aliyeitwa Aasiya, yaani mwenye kuasi, akamwita Jamila. Basi binti achague jina lenye maana njema, jepesi kutamkika na kuandikika, ili anayelisikia kwa simu alipate bila ya kuuliza mara mbili. Kuna jina moja linalowavutia wenye kazi hii, nalo ni Al-Musawwir, kwa kuwa katika Kiarabu cha leo mpiga picha huitwa musawwir. Hilo liachwe. Ni katika majina matukufu ya Allah, nalo si la kubandikwa kwenye duka, wala kwenye kadi zitakazotupwa jaani.

Kwa sheria ya Kenya, anayefanya biashara kwa majina yake mwenyewe bila ya kuongeza kitu halazimiki kuyasajili. Akiongeza neno kama Studio, au akichagua jina jengine, yampasa alisajili. Kazi hiyo iko chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara, na maombi hupelekwa kwa njia ya eCitizen. Hatua ya kwanza ni kutafuta kama jina lenyewe limeshachukuliwa, nayo ifanywe kabla ya kuchapisha kadi au kuchora bango, si baada yake. Afahamu pia kwamba kusajili jina la biashara si sawa na kulimiliki kama alama ya biashara. Anayetaka ulinzi huo huenda kwa Taasisi ya Mali ya Viwanda, KIPI, na ulinzi wake ni wa miaka 10, kisha huhuishwa. Juu ya hayo kuna kibali cha biashara cha kaunti.

Lakini si kila linalopita kwa msajili ni halali mbele ya Allah. Ikiwa mtaani pana studio inayojulikana, na binti akachukua jina lake akageuza herufi moja tu ili wateja wachanganyikiwe, huo ni udanganyifu. Pato lake limetoka katika sifa aliyoichuma mwengine.

Sasa tuje kwenye sauti. Hukumu ya ala za muziki ina mlango wake na ikhtilafu zake, na si makusudio ya leo. Ninachokisema kinahusu pia kaswida isiyo na ala yoyote. Wapo wanaodhani kwamba kaswida, kwa kuwa ni ya dini, ni ya watu wote. Matini ya Maulidi ya Barzanji yalitungwa karne ya 18, na maneno yake hayana tena mwenye kuyadai. Lakini vijana wa madrasa walioyasoma na kuyarekodi mwaka jana wana haki katika sauti yao na katika rekodi yao. Kwa sheria yetu, rekodi hulindwa kwa miaka 50, na utunzi hulindwa katika uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka wa kufa kwake. Marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo wa Mombasa alifariki mwaka 2014. Alichokitunga mwenyewe kina ulinzi hadi mwisho wa mwaka 2064. Na mtu akifa, haki zake huingia katika mirathi. Anayeichukua kazi ya marehemu bila ya idhini huenda anakula fungu la mjane na yatima, naye hajui.

Kwa hiyo wimbo mmoja huwa na milango miwili ya kubisha: wa mtunzi na wa mwenye rekodi. Kuununua wimbo kwa ajili ya kuusikiliza hakumpi mtu ruhusa ya kuutia katika filamu anayoiuza. Yale yasemwayo, kwamba chini ya sekunde 30 hakuna makosa, hayana msingi katika sheria. Wala kuandika chini ya filamu kwamba wimbo si wangu hakuondoi dhima. YouTube ina mtambo unaozitambua rekodi, na mwenye haki aweza kuifunga filamu au kuchukua pato la matangazo yake. Fikiri bibi harusi amewatumia jamaa zake wa Muscat filamu yake, nao wakaikuta haifunguki.

Ziko njia za halali. Maktaba za sauti katika intaneti hukodisha kwa ada. Hata zinazosema hazidai mirabaha, maana yake si bure, bali hulipwi kila unapotumia. Zile zenye leseni za Creative Commons zisomwe kwa makini, kwani baadhi yake hukataza biashara, na baadhi hukataza kugeuza kazi, na kuitia sauti katika filamu huhesabiwa kuwa ni kuigeuza. Leseni ni sharti, na Waislamu wamefunzwa kusimama kwenye masharti yao. Risiti na leseni zihifadhiwe pamoja na mafaili ya kila harusi.

Njia ninayoipendelea ni kuwaendea mabinti wa madrasa wenye sauti nzuri na dufu, wakarekodi kwa malipo, kwa idhini ya wazazi wao. Yaandikwe katika karatasi: kaswida ipi, katika filamu zipi, itafika wapi, kwa muda gani na kwa kiasi gani, kisha pande zote zitie saini na mashahidi wawepo. Aya ya 282 ya Suratul-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, imekuja kutufunza kuandika miamala.

Karatasi nyengine iwe baina ya binti na mteja. Kwa sheria yetu, kazi iliyoagizwa kwa malipo hakimiliki yake huhamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa wamekubaliana vyengine. Basi asiitumie harusi ya watu kujitangazia mpaka wamridhie kwa maandishi, na wageni waliomo wasitiriwe.

Akifanya hivyo, biashara yake itaanza na deni dogo la pesa na bila ya deni la haki za watu. La kwanza hulipika hapa duniani kwa kazi na subira. La pili hudaiwa siku ambayo haina shilingi.

Allah ambarikie binti huyu katika kazi yake, na amjaalie riziki ya halali. Wallahu aalam.