Kizuri Hakijiuzi

Wanaoipenda sana methali ya "kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza" mara nyingi ni watu ambao hawajawahi kuuza hata karanga. Kwenye muziki wameigeuza hukumu. Albamu ikipita bila kusikika, basi haikuwa na lolote. Mwimbaji akinung'unika kwamba redio hazikumpiga, anaambiwa angekuwa mkali tungemjua.

Basi waisikilize When Do We Get Paid ya Staples Jr. Singers, albamu ya injili ya mwaka 1975, halafu waniambie ilikosa nini.

Walioitoa ni akina Brown wa Aberdeen, mji mdogo wa Mississippi: Annie, R.C. na Edward, ndugu walioanza kuimba wakiwa watoto wa shule. Jina walilipata kwa mapenzi tu. Waliwahusudu Staple Singers, kundi la familia ya mzee Pops Staples, ingawa hawakuwa na undugu nao. Kizazi chao ndicho kilichopitishwa kwenye tanuri: Oktoba 1969 Mahakama Kuu ya Marekani iliamuru shule za Mississippi ziache mara moja kuwatenga watoto weusi na weupe. Jina la albamu yenyewe linauliza malipo yatakuja lini, na sidhani kama swali hilo lilielekezwa mbinguni peke yake.

Walirekodi Tupelo, mji uleule aliozaliwa Elvis Presley. Zikachapwa santuri mia chache tu, na familia ikaziuza yenyewe: kwenye maonyesho yao makanisani, na uwanjani mbele ya nyumba yao. Kwa kipimo cha methali, huko kote ni kujitembeza, kwa hiyo kazi ilikuwa mbaya.

Sasa weka wimbo wao "I Know You're Going to Miss Me". Gitaa la umeme linatetemeka kama lina homa, ngoma haina haraka, sauti zinaingia kwa huzuni ya watu wazima ilhali wanaoimba ni vijana wadogo. Hakuna kwaya ya watu hamsini ya kuficha makosa, na makosa yapo. Kuna mahali unasikia kabisa kwamba studio ilikuwa ya kawaida. Nyimbo mbili tatu zinafanana kupita kiasi. Lakini sauti ya Annie inapopanda mpaka ikaanza kukwaruza, mimi sihitaji studio ya kifahari.

Tofauti yao na Staple Singers haikuwa kipaji peke yake. Mwaka 1972 wimbo "I'll Take You There" wa Staple Singers ulishika namba moja Marekani. Ni wimbo mzuri, sibishi. Ila nyuma yake ilikuwapo Stax, kampuni ya santuri yenye watu wa kuzungukia vituo vya redio na njia za kufikisha santuri madukani. Stax hiyohiyo ilifilisika na kufungwa Desemba 1975, na moja ya sababu ni mkataba wake wa usambazaji na CBS kuharibika, santuri zikawa hazifiki kwa wanunuzi. Kampuni iliyomtoa mwimbaji Isaac Hayes ilishindwa kufika rafuni, akina Brown wangefikaje?

Najua jibu linalokuja: mbona hatimaye imesikika? Imesikika kwa sababu watu walihangaika. Kampuni ya Luaka Bop ya New York iliweka wimbo wao kwenye mkusanyiko wa The Time for Peace Is Now mwaka 2019, kisha ikaitoa upya albamu nzima mwaka 2022. Miaka 47! Na hao ndio waliobahatika. Mwaka 2005 Robert Darden wa Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, alikadiria kwamba takriban asilimia 75 ya santuri za injili za watu weusi hazipatikani tena, akaanzisha kazi ya kuziokoa. Nani atathubutu kusema robo iliyobaki ndiyo iliyokuwa nzuri?

Na tusijifanye hayo ni ya Mississippi tu. Kwaya zetu ngapi ziliuza kaseti mlangoni baada ya ibada, zikaisha, na leo hakuna anayejua kaseti mama iko kwa nani? Tunazicheka kwa sababu hazikuvuma, halafu tunaita hilo sikio la kuchagua.

Mwaka 2024 akina Brown walitoa albamu ya pili, Searching, waliyoirekodi ndani ya kanisa huko West Point, Mississippi. Sauti zimekuwa nzito, za wazee. Kati ya albamu ya kwanza na hii kulikuwa na nafasi ya albamu kumi ambazo hakuna aliyewalipa wazirekodi, na hizo hata mtafutaji hodari hataziokota popote.