Shule ya haki imeondoka, wenye ardhi wamelipa kurudi kwao

Kwa muhula mmoja, vijana wa sekondari waliacha shule zao wakaenda kuishi msituni karibu na Nevada City, California. Walisoma amani, haki na utunzaji wa mazingira, huku wakilima bustani na kupika chakula chao.

Programu hiyo, Woolman Semester, ilikuwa ya dhehebu la Quaker. Jina ni la John Woolman, muumini wa karne ya 18 aliyepinga utumwa.

Shida ni kwamba ardhi ile kiasili ni ya kabila la Wanisenan. Shule ya kwanza ilifunguliwa hapo 1963. Mwaka uliofuata, serikali ya Marekani ikafuta utambuzi wa kabila hilo.

Programu ilikuwa imeshasimama pale moto wa 2020 ulipoteketeza majengo mengi. Ekari 232 zikauzwa. Wanisenan wakachangisha pesa, wakanunua.

Kurudi kwao ni ushindi, hilo halina ubishi. Ila ukilazimika kununua kilichokuwa chako, umepata nusu ya haki. Nusu nyingine iko Washington: kutambuliwa upya.