Umri wa Silikanti Uamue Hatima ya Jarife

Hasara ya samaki mmoja wa aina ya silikanti aliyenaswa na jarife, wavu wa kutega papa, huko Tanga inafaa kupimwa kwa miaka, na hesabu ya miaka hiyo imebadilika mno. Zamani wataalamu walihesabu pete nene za magamba yake, wakaamini anaishi miaka 20 na ushei. Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa walichunguza magamba ya silikanti 27 wa Komoro kwa mwanga uliochujwa utetemeke katika mwelekeo mmoja tu, wakaziona pete nyembamba zilizokuwa hazionekani. Mzee kuliko wote alikuwa na miaka 84. Wakakadiria kuwa silikanti huweza kukaribia karne, hubeba mimba takriban miaka 5, na jike hapevuki mpaka akaribie miaka 60.

Wapo watakaosema kuwa samaki 27 ni wachache, na kwamba hakuna aliyemtia silikanti alama akamfuatilia tangu kuzaliwa hadi kufa. Ni kweli, lakini hesabu ya zamani ilikuwa na kasoro kubwa zaidi. Ili afikie karibu mita 2 kwa miaka 20, silikanti angelazimika kukua kwa kasi ya jodari, ilhali matamvua yake ni madogo na mwili wake hutumia oksijeni kidogo sana. Isitoshe, makosa mawili hapa hayalingani. Tukimlinda kupita kiasi, sheria inaweza kulegezwa mwakani. Tukimvua kupita kiasi, pengo litachukua vizazi kuzibika. New Zealand walilijua hilo kwa gharama: walianza kumvua kwa wingi samaki wa kilindini aitwaye orange roughy mwishoni mwa miaka ya 1970 wakidhani maisha yake ni mafupi, na mawe ya masikio yake yalipothibitisha kuwa huishi zaidi ya karne, akiba yake ilikwisha kuporomoka.

Pingamizi zito zaidi ni la riziki. Mvuvi wa Tanga hutega jarife kwa ajili ya papa. Silikanti, ambaye nyama yake haina soko, hunaswa tu kwa bahati mbaya. Lakini hapo ndipo suluhisho lilipo, kwa kuwa kumlinda hakumnyang'anyi mvuvi kitoweo wala biashara, bali kunamtaka ahamishe au abadilishe nyavu. Hifadhi ya Silikanti Tanga ipo tangu 2009. Ndani yake majarife yasitegwe kabisa kwenye miteremko ya kina wanakoishi samaki hawa, na gharama ya nyavu mbadala ibebwe na serikali, kwani si haki mvuvi mdogo alipie peke yake urithi wa taifa zima.