Kanuni ya "Toka, Rudi" Isiguse Akiba ya Uzee Wako



Leo hatuzungumzi hina wala vitambaa vya msimu. Tunazungumza pesa za uzeeni, na tutazungumza kwa ukali kidogo, mtuwie radhi.

Kwenye magrupu ya WhatsApp zinauzwa kozi za "mfumo unaojiendesha". Unapewa kanuni inayokwambia lini utoe akiba yako ya kustaafu kwenye hisa na lini uirudishe. Huhitaji kusoma, wanasema, wala huhitaji kuogopa, wewe fuata kanuni tu. Pamoja na maneno hayo inakuja picha ya mstari unaopanda kama ngazi ya msikitini. Sisi tunasema akiba ya uzee wako isiguswe na kanuni hiyo mpaka muuzaji akuonyeshe daftari lote, si ukurasa mmoja aliouchagua yeye.

Utauliza, linatuhusu nini sisi wa visiwani? Linatuhusu sana. Miongoni mwa mabiharusi tunaowashonea wamo wanaokwenda kuishi na waume zao Marekani. Huko ukiajiriwa, moja katika fomu za mwanzo huenda ikawa ya akaunti ya 401(k). Jina hilo limetokana na kifungu cha sheria ya kodi kilichopitishwa mwaka 1978. Sehemu ya mshahara wako inakatwa kabla hujaishika, waajiri wengi wanakuongezea juu yake, na pesa inaingia katika mifuko ya uwekezaji uliyoichagua. Ukiitoa kabla ya kufika miaka 59 na nusu, kwa kawaida unalipa kodi na faini ya asilimia 10. Lakini ukihamisha humo humo ndani, kutoka mfuko wa hisa kwenda mfuko uliotulia, hukatwi kodi. Mlango huo ndio wauza kanuni wanaoupenda. (Uhalali wa hisa zenyewe ni somo la peke yake. Hapa tunapima kanuni tu.)

Kanuni yenyewe ni hii

Inayosifiwa sana ni ya wastani wa miezi 10. Kuna fahirisi inaitwa S&P 500, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa zipatazo 500 za Marekani. Kila mwisho wa mwezi unaandika kiwango chake. Unajumlisha miezi 10 ya karibuni, unagawa kwa 10. Kiwango cha leo kikiwa juu ya wastani, unabaki ndani. Kikiwa chini, unauza, unashika taslimu, unangoja mpaka kipande tena juu. Basi. Hakuna siri ya kulipia kozi hapo. Mmarekani Mebane Faber aliieleza mwaka 2007 katika makala iliyosomwa sana, na lengo lake kubwa lilikuwa kupunguza maporomoko.

Tuipe kanuni haki yake kwanza, maana dhulma si hoja. Mwisho wa Novemba 2007 fahirisi ilikuwa 1,481, chini kidogo ya wastani, na kanuni ikasema toka. Ikakaa nje mpaka mwisho wa Juni 2009, fahirisi ikiwa 919. Mwenye vipande 100 katika mfuko, aliyeuza kwa 1,481 na kununua kwa 919, alirudi na vipande 161. Hapo kanuni ilimsitiri mtu. Hatubishi.

Lakini huo ndio ukurasa wanaokuonyesha. Hebu tufungue mwingine.

Mwisho wa Oktoba 2018 kanuni ilisema uza, fahirisi ikiwa 2,712. Mwezi mmoja baadaye ikasema nunua, kwa 2,760. Mwezi uliofuata, Desemba, ikasema uza, kwa 2,507. Mwisho wa Februari 2019 ikasema nunua, kwa 2,784. Mei ikasema uza, kwa 2,752. Juni ikasema nunua, kwa 2,942. Mwisho wa Februari 2020, korona ikianza kutisha dunia, ikasema uza, kwa 2,954. Mwisho wa Mei ikasema nunua, kwa 3,044.

Umeona? Ilitoka mara nne, na mara zote nne ilirudi kwa bei kubwa kuliko ile iliyouzia. Chukua kikokotoo cha simu, anza na vipande 100, uza na ununue kwa bei hizo. Baada ya Februari 2019 unabaki na vipande 88. Baada ya Juni 2019 unabaki na 83 hivi. Baada ya Mei 2020 unabaki na 80. Mwenzako aliyelala usingizi miezi yote hiyo bado ana vipande vyake 100. Hapo hatujaweka gawio ambalo aliyekuwa nje lilimpita, wala faida ndogo ya taslimu, wala ada.

Sehemu moja katika tano ya akiba, katika muda usiofika miaka miwili. Na hakukosea kitu. Alifuata kanuni kama alivyofundishwa.

Wala si ajali ya mara moja. Kuanzia Agosti 2015 mpaka Machi 2016 kanuni hiyo hiyo iliuza kwa 1,972, ikanunua kwa 2,079, ikauza kwa 2,044, ikanunua kwa 2,060. Vipande 100 vikawa 94.

Kwa nini inakuwa hivi

Kanuni ya wastani hufaa soko linaposhuka polepole na kwa muda mrefu, kama 2008. Soko likianguka ghafla na kuinuka ghafla, inachelewa kutoka na inachelewa kurudi. Mwaka 2020 fahirisi iliporomoka kwa asilimia 34 kati ya Februari 19 na Machi 23, kisha ikapanda kwa kasi. Kanuni iliukwepa mwezi mbaya kabisa wa Machi, hilo ni kweli, lakini ilikosa na kupanda kwake, ikarudi Mei kwa bei kubwa kuliko iliyouzia. Sasa nani atakwambia anguko lijalo litakuwa la namna gani? Aliyejua miaka ya neema na miaka ya njaa kabla haijafika ni Nabii Yusuf, alayhi salaam, naye alijulishwa na Mola wake. Kanuni ya wastani haijui kesho. Inaijua miezi 10 iliyopita, basi.

Na kuna ujanja mwingine ambao sisi wa cherehani tunaujua vizuri. Chukua vipimo vya biharusi aliyekwisha olewa, kata gauni juu ya mwili wake, kisha uwaite watu waone lilivyomkaa. Ajabu iko wapi? Lilikatwa kwake. Mtihani ni kulivisha gauni hilo kwa biharusi wa Shawwal ijayo ambaye hujamwona. Wauza mifumo wanafanya hivyo hivyo. Wanajaribu miezi 8, miezi 9, miezi 12, wanaongeza sharti hapa, wanapunguza pale, mpaka ipatikane kanuni inayong'aa juu ya miaka iliyokwisha pita. Ukijaribu kanuni 50 juu ya miaka ile ile, moja itang'aa tu. Hiyo ndiyo wanayokuuzia, na zile 49 hazitajwi.

Wenye elimu yao walishayasema haya zamani. William Sharpe, ambaye baadaye alishinda tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 1990, aliandika mwaka 1975 kwamba mtu anayeingia na kutoka sokoni anahitaji kuwa sahihi takriban mara tatu katika kila mara nne ili amshinde aliyekaa tu. Mara tatu katika nne! Kanuni yetu hapo juu, kuanzia Oktoba 2018 mpaka Mei 2020, haikupata hata mara moja.

Hata serikali ya Marekani imeweka breki. Wafanyakazi wa serikali kuu wana mpango wao wa akiba, Thrift Savings Plan. Tangu mwaka 2008 mwanachama anahamisha pesa zake kwa uhuru mara mbili tu kwa mwezi. Akizidisha, anaruhusiwa kuzipeleka kwenye mfuko mmoja tu, ule wa dhamana za serikali. Ilionekana kwamba wachache wanaoingia na kutoka wanawapandishia gharama waliotulia.

"Basi tukae tuporomoke?"

Hili ndilo jibu lao, nalo lina uzito, tusilipuuze. Kuanzia Oktoba 9, 2007 mpaka Machi 9, 2009 fahirisi ilishuka kutoka 1,565 hadi 677. Zaidi ya nusu! Ilikuwa 2013 ndipo iliporudi ilipokuwa. Mwanamke aliyepanga kustaafu 2009, na kila senti yake iko kwenye hisa, aliumia kweli.

Lakini tatizo la mwanamke huyo halikuwa kukosa kanuni ya miezi 10. Tatizo ni kwamba pesa ya kula miaka michache ijayo ilikuwa bado yote kwenye hisa. Dawa yake ni ya pole pole. Kadiri mwaka wa kustaafu unavyokaribia, unapunguza hisa kidogo kidogo na kuongeza vilivyotulia, kwa mpango uliouandika ukiwa na akili yako, bila kuangalia soko leo limeamkaje. Mifuko mingi ya 401(k) yenye mwaka wa kustaafu katika jina lake inafanya kazi hiyo yenyewe. Na hiyo nayo ni kanuni, ndiyo, ila inafuata umri wako. Umri haurudi nyuma kukuchezea.

Na sisi wanawake tuna hesabu yetu ya peke yake. Wengi wetu tutaacha kazi mwaka, miwili, au zaidi, kwa ajili ya uzazi na malezi, au kwa kumuuguza mzazi. Miaka hiyo akaunti haiingizi kitu. Tayari tumeshapungukiwa. Mwanamke mwenye pengo la miaka mitatu hana sehemu moja katika tano ya kumpa mtu aliyeuza kozi na kutoweka. Aangalie yale yanayoshikika kwa mkono wake: anachangia kiasi gani kila mwezi, je, anachukua nyongeza yote anayotoa mwajiri, na ada ya mfuko ni kiasi gani kwa mwaka.

Muulize muuzaji haya

1. Daftari lako linaanza mwaka gani? Nionyeshe nilioanza kazi 2015, au 2018, ningekuwa wapi.
2. Kanuni hii uliichagua baada ya kujaribu ngapi?
3. Mara ngapi ilitoka ikarudi kwa bei kubwa kuliko iliyouzia?
4. Gawio na ada umezihesabu, au umeziacha nje?
5. Pesa zako mwenyewe za uzeeni ziko kwenye kanuni hii? Tangu lini?

Akijibu yote kwa ushahidi, msikilize, kisha bado usiharakishe. Akikasirika, akikwambia huna imani, au akikwambia nafasi zimebaki tatu, toka kwenye grupu. Hiyo ndiyo "toka" pekee tunayoiunga mkono leo, na usirudi.

Mwali wetu unayejiandaa kwa safari, mizigo yako tunaijua: madira, kanga za mama, udi, na sanduku la viatu. Ukifika salama ukapata kazi na fomu ikaja mbele yako, ijaze wewe mwenyewe, kwa jina lako. Ongea na mumeo, shauriana naye, lakini ujue namba ya siri ya akaunti yako na ujue kilichomo. Anza na kidogo, kila mshahara, na uiache ikue kimya kimya. Na shangazi au wifi akikutumia picha ya mstari unaopanda kama ngazi, mrudishie maswali yale matano.

Mwenyezi Mungu atujaalie uzee wenye stara, tusiwe mzigo kwa watoto wetu. Amin.

Wassalaam.