Samaki wa ng'ambo hutayarishiwa maji kwanza: mkimbizi wa Masisi na Walikale atatayarishiwa lini?

MASISI / WALIKALE – Huko Ulaya, Marekani na katika nchi za Ghuba kuna watu wanaofuga bahari sebuleni. Hununua tangi kubwa la vioo, hulijaza maji ya chumvi, kisha huweka humo samaki wa rangi pamoja na matumbawe, viumbe vinavyojenga miamba baharini kama ile ya Mombasa na Zanzibar. Msikilizaji wa Nyabiondo au wa Pinga atauliza: mchezo huo wa matajiri unamhusu nini? Unamhusu kwa sababu wafugaji hao wana sheria moja wasiyoivunja: maji kwanza, uhai baadaye. Katika vilima vya Masisi na misitu ya Walikale sheria hiyo imepinduliwa kwa zaidi ya miaka 30, na waliopindua wanataka watu waamini kwamba ni bahati mbaya tu.

Chukua mfano wa tangi la lita 1,000. Kabla ya kununua hata samaki mmoja, mwenye nyumba hukaa chini na kuhesabu. Lita 1,000 za maji ni uzito wa tani moja, bila vioo wala mawe, kwa hiyo lazima ajue kama sakafu itavumilia. Maji ya bahari yana karibu gramu 35 za chumvi katika kila lita, basi anahitaji kilo 35 za chumvi ya aina hiyo. Maji ya robine hayamtoshi, huyapitisha kwanza kwenye chujio kali. Hununua pampu za kuzungusha maji mfano wa mawimbi, chombo cha kukamua uchafu kwa povu, kifaa cha kutunza joto kwenye nyuzi 25 au 26, na taa za kuwapa matumbawe mwanga kama wa jua. Wengi huongeza pampu ya akiba na betri, maana umeme ukikatika samaki hukosa hewa na wanaweza kufa katika muda wa saa chache.

Vifaa vikishafungwa, husubiri. Uchafu wa samaki hutoa sumu ndani ya maji, na kuna bakteria wanaoigeuza sumu hiyo isidhuru. Bakteria hao huchukua majuma manne mpaka sita kuzaliana vya kutosha. Muda huo wote mwenye tangi hupima maji na kuandika kwenye daftari. Akiwa na haraka, samaki wanakufa, na wenzake hawatamwambia pole: watamwambia ni mzembe. Samaki mgeni naye haingii moja kwa moja. Huwekwa kwanza katika tangi la pembeni kwa majuma kadhaa, ili kama ana ugonjwa asiwaambukize wengine.

Sasa rudi Masisi. Mashirika ya misaada nayo yana kitabu chake, kinaitwa Sphere, kinachofuatwa karibu dunia nzima. Kimeandika wazi: mtu aliyekimbia vita apate angalau lita 15 za maji kwa siku, robine moja isitumiwe na watu zaidi ya 250, maji yasiwe mbali zaidi ya metre 500, na mama asipange mstari zaidi ya nusu saa. Hakuna anayeweza kusema hesabu haijulikani. Inajulikana kama vile gramu 35 za chumvi zinavyojulikana.

Lakini ni mara ngapi hesabu hiyo ilifanywa kabla watu hawajafika? Mwezi wa tatu 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakasambaa mpaka Masisi, na watu wakakimbia kwa maelfu. Mwaka uliofuata kolera iliua makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliosongamana pembeni ya Goma, juu ya mawe ya volkeno ambamo hata choo ni taabu kuchimba. Somo hilo la maji lilionekana na dunia yote. Baada ya hapo kimbizi moja imefuata nyingine, na mpaka leo mpango ni uleule: watu wanafika kwanza, watoto wanaharisha, viongozi wanafanya mkutano, halafu kamioni ya maji inakuja na wapiga picha nyuma yake. Dharura inayodumu miaka 30 si dharura tena. Ni desturi, na desturi mbaya huwa ina wenyewe.

Kwaheri yake ni kama karibu yake. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 M23 iliingia Goma. Siku chache baadaye wakimbizi wa Bulengo, Lushagala na kambi nyingine waliambiwa wawe wameondoka kwa muda wa saa 72. Matangi na robine zilizojengwa kwa fedha za misaada, zikiwa hazitoshi, zikaachwa au zikabomolewa. Familia zikapanda njia ya Sake kurudi Masisi na bidoni mgongoni, kwenda vijiji ambavyo watu walikuwa wamevikimbia, vyanzo vimefukiwa, mabomba yamekatwa. Mfuga samaki anapohama nyumba hatoi samaki mpaka tangi jipya liwe na maji tayari. Waliowapa watu saa 72 hawakuuliza hata bidoni moja itajazwa wapi.

Hesabu nyingine inauma zaidi. Mwenye tangi la lita 1,000 hubadilisha kiasi cha lita 100 kila baada ya juma moja au mawili. Chujio lake, likitoa lita moja safi, mara nyingi humwaga lita tatu au nne kwenye bomba la maji machafu. Kupata zile 100, zinamwagwa 300 au 400. Familia ya watu saba, kwa kipimo cha Sphere, inahitaji lita 105 kwa siku. Maana yake, maji yanayotupwa ili samaki wabadilishiwe yangeinywesha, kuipikia na kuiogesha familia hiyo siku tatu.

Mfuga samaki asichukiwe kwa hilo. Maji yake hayakutoka Masisi, na hata akiyafunga leo hakuna bidoni itakayojaa Kitshanga. Kumtunza kiumbe kwa uangalifu ni jambo jema. Tena kipande cha matumbawe magumu kinapovuka mpaka wa nchi kinatakiwa kuwa na karatasi, kwa sababu matumbawe hayo yamo katika mkataba wa kimataifa wa CITES, unaolinda wanyama na mimea dhidi ya biashara ya kumaliza.

Hapo ndipo mchezo wa sebuleni unapofika Rubaya na Bisie. Pampu, taa na vipimo vya tangi vinaongozwa na vifaa vya elektroniki, na ndani ya vifaa hivyo kila waya umeshikizwa kwa bati. Sehemu kubwa ya bati ya dunia huishia katika kazi hiyo ya kulehemu, na kasiterite ya Walikale ndiyo bati. Koltani nayo hutoa tantalo, inayotumika katika simu, kompyuta na vifaa vingine vidogo vya umeme. Koltani ya Rubaya inakadiriwa kuwa karibu asilimia 15 ya ile ya dunia. M23 iliishika Rubaya mwezi wa nne 2024, na kabla ya mwaka kwisha wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba kundi hilo lilikuwa likikusanya huko kiasi cha dola 800,000 kwa mwezi, na kwamba koltani ilikuwa ikivushwa Rwanda kwa magendo. Tumbawe linaulizwa limetoka wapi. Gunia la Rubaya linapita.

Walikale inakumbuka pia ndege zilizokuwa zikitua juu ya barabara ya lami pale Kilambo kubeba kasiterite ya Bisie. Kwa madini, barabara iligeuka uwanja wa ndege. Kwa bomba la maji, kila siku jibu ni lilelile: njia ni mbaya, kamioni haipiti.

Na maji yenyewe hayako mbali! Mfuga bahari wa Ulaya hana bahari, hana chumvi, hana jua la kutosha, vyote anavinunua. Masisi ina mvua, ina vilima, ina chemchemi zinazotiririka usiku na mchana kuelekea mto Lowa. Chemchemi ikiwa juu ya kijiji, haihitaji pampu wala umeme. Inajengewa kisanduku cha mawe na saruji, inazungushiwa uzio ng'ombe wasiikanyage, mtaro unachimbwa juu yake ili maji ya mvua yasiingize uchafu. Kisha bomba linateremka na kilima. Pale mteremko ni mkali inawekwa chemba ya kupunguza nguvu ya maji yasipasue bomba, chini linajengwa tangi, halafu robine. Kazi hiyo mafundi wa Masisi wanaijua. Kinachokosekana ni bomba, saruji na mtu wa kuamua.

Wenye kujitetea wana majibu matatu.

La kwanza ni vita. Kweli, vita vinavunja. Lakini vita havikuzuia magunia kushuka kutoka Rubaya, na kila aliyeweka bariere njiani alijua kuhesabu gunia moja moja. Mwenye uwezo wa kulinda njia ya koltani ana uwezo wa kulinda njia ya maji, awe wa serikali, wa AFC/M23 au wa Wazalendo.

La pili ni kwamba misaada imepungua. Ni kweli pia, Marekani ilikata sehemu kubwa ya fedha zake mwaka 2025, na mashirika mengi yalifunga kazi. Hata hivyo Walikale haikai juu ya mchanga mtupu. Mgodi wa Bisie ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati mwaka 2024. Sheria ya madini ya 2018 inasema asilimia 15 ya mrabaha ni ya sekta au sheferi ambako mgodi upo, asilimia 25 ni ya jimbo, na kampuni itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa jirani. Hizo si sadaka za mzungu. Ni haki iliyoandikwa. Mama anayechota maji ya mto ana haki ya kusomewa, kwa Kiswahili na kwa sauti, ni kiasi gani kiliingia na ni robine ngapi zilitoka.

La tatu ni kwamba watu wenyewe wanaharibu robine. Wapo wanaokata bomba kunywesha ng'ombe, na zipo kamati za maji zinazouzia wakimbizi maji ambayo yalipaswa kuwa ya bure. Jambo hilo lisifichwe. Dawa yake ni kamati iliyochaguliwa mbele ya watu, yenye akina mama ndani yake na wakimbizi pia, yenye daftari la fedha linalosomwa kila mwezi. Hata tangi la vioo lina mtu anayeliangalia kila asubuhi. Lisipoangaliwa linanuka.

Kwa hiyo madai ni haya, na hayahitaji semina hotelini. Wanaotawala Masisi na wanaotawala Walikale wasiamuru watu kuhama wala kurudi mahali ambapo maji hayajapimwa. Sheferi za Bahunde na Bashali, sekta za Osso-Banyungu na Katoyi, na zile za Wanianga na Bakano, kila moja iwe na orodha ya chemchemi zake: ipi imejengwa, ipi imebomoka, iko juu ya kijiji gani, inatoa lita ngapi kwa dakika. Bidoni moja na saa ya simu vinatosha kupima hilo. Mashirika yaliyobaki yaache kumwaga fedha zote kwenye kamioni za maji, ambazo zikikosa mafuta siku moja mstari wa bidoni unafika barabarani. Sehemu ya fedha hizo ijenge chemchemi zitakazobaki hata wao wakiondoka. Klorini ipimwe kila siku kwenye robine na matokeo yaandikwe pale pale ubaoni, kila mtu asome. Na mrabaha wa madini usomwe hadharani.

Ndugu wakimbizi na wakaaji mnaowapokea, nanyi msikubali kuitwa mzigo. Siku ya kuandikishwa, kabla ya kuuliza turubai, ulizeni maji: lita ngapi, kutoka wapi, nani atayapima, yakikatika nani anaitwa. Atakayejibu kwamba mambo hayo hayawezekani, mkumbusheni kwamba bati iliyotoka chini ya miguu yenu inasaidia kuzungusha maji safi ya samaki, mbali na pwani yoyote, ndani ya nyumba ambayo mwenyewe alihesabu mpaka uzito wa sakafu.